Jina Lako Litaishi Midomoni mwa Watu Wengine

Hotuba kwa wanaoanzisha biashara za mtandaoni

Mwenyekiti, waandaaji wa mkutano huu, na ninyi ndugu zangu ambao mmefungua biashara mtandaoni au mko mbioni kufungua: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Kabla sijaingia kwenye mada, naomba kila mwenye kalamu aishike. Nitatamka jina moja, mara moja tu, na sitalirudia. Liandikeni kama mlivyolisikia.

[Hapa nililitamka jina, nikawapa watu nafasi ya kuandika.]

Naona karatasi za hapa mbele. Pambo. Pambo. Huyu naye Pambo. Asanteni sana. Mmeandika kile masikio yenu yalichosikia, na katika hizi ninazoziona hakuna hata mmoja aliyepatia. Jina lile lina herufi sita: P, H, A, M, B, O. Ndilo lililokuwa jina la biashara yangu ya kwanza ya mtandaoni, na kwa miaka miwili lilinipotezea wateja huku nikidhani tatizo ni matangazo.

Nataka niwaeleze lilivyozaliwa, kwa sababu naamini wengi wenu mmesimama pale pale nilipokuwa. Tulikuwa tunauza vipuli, mikufu na pete za shaba zilizotengenezwa kwa mkono. Neno "pambo" nililipenda: fupi, lina maana, halimchoshi mtu. Nikaenda kutafuta kikoa, yaani ile anwani ya tovuti ambayo wengi tunaiita domeni, nikakuta limeshachukuliwa. Nikajaribu kuongeza neno mbele, nikajaribu nyuma, kote sikuridhika. Saa sita za usiku nikapachika H baada ya P. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Nilijiambia kwamba H ile imelipa jina upekee. Nikalipia hapo hapo, nikalala na furaha.

Kosa lilikuwa limeshafanyika. Jina nililichagua kwa macho, peke yangu, usiku. Sikumtamkia mtu yeyote.

Wiki chache baada ya kufungua, kijana mmoja akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejizuia sana. Akasema, "Kaka, oda yangu nimeituma kwa barua pepe tangu Jumatatu, mbona kimya?" Nikamwambia sijaona kitu. Akanisomea anwani aliyotumia, herufi kwa herufi, na haikuwa na H. Barua ile ilikuwa na jina lake kamili, mahali anapoishi, na kipimo cha kidole cha mchumba wake, ambacho alikipata kwa kuzungusha uzi kwenye kidole chake akiwa amelala, kisha akaupima uzi kwa rula. Vyote hivyo vilikwenda kwa mtu asiyemjua. Nilimwomba radhi, tukamtengenezea pete, na ikafika kwa wakati. Lakini tangu siku ile nimeelewa kwamba jina linalokosewa humwumiza mteja kwanza, ndipo linafika kwa mwenye biashara.

Upande wa pili nao ulikuwa na shida yake. Waliokutana na jina letu kwa kulisoma walilitamka Fambo, kwa kuwa wamezoea P na H za Kiingereza zikikaa pamoja kusomeka F. Kwa hiyo aliyesikia aliandika Pambo, aliyesoma alitamka Fambo, na aliyemsikia huyu wa Fambo akaenda kutafuta F. Biashara moja, majina matatu.

Kila simu nilikuwa naimaliza kwa sentensi ile ile: "lina H baada ya P." Mimi niliweza kuisema kwa sababu mimi ndiye mwenye duka. Mteja anayemsimulia mwenzake kwenye basi hana sababu ya kuikumbuka H yangu. Na kazi ya jina, ndugu zangu, inafanyika huko kwenye basi, wakati wewe haupo. Huko halina nembo, halina rangi, halina maelezo yako mazuri ya ukurasa wa mbele. Lina sauti yake tu. Hilo ndilo nimekuja kulisema leo, na mengine yote nitakayoyagusa yanazunguka hapo.

Msidhani hili huwapata wadogo peke yao. Jeff Bezos alipoandikisha kampuni yake mwaka 1994 aliiita Cadabra, kutokana na lile neno la wafanya mazingaombwe, "abracadabra". Wakili wake akalisikia kwenye simu akadhani amesema neno jingine la Kiingereza, "cadaver", ambalo maana yake ni maiti. Bezos akalibadilisha, na duka lilipofungua milango mwaka 1995 lilikuwa linaitwa Amazon. Ebu tazameni kilichomwokoa. Hakuna utafiti wa soko hapo. Ni simu moja na sikio la mtu wa pili, na bahati kwamba mtu huyo alilisikia vibaya mapema.

Najua kuna atakayeniambia, mbona Flickr, ile tovuti ya kuwekea picha, walifanikiwa bila E? Ni kweli. Walianza mwaka 2004, mwenye flicker.com hakutaka kuuza, wakaiacha E wakaenda zao. Twitter nayo ilianza mwaka 2006 ikiitwa twttr, bila irabu hata moja, ila haikuchukua muda mrefu wakanunua anwani yenye irabu zote. Lakini hizo zilikuwa huduma ambazo watu walizikuta kwa kubonyeza kiungo walichotumiwa na rafiki. Herufi ikipungua kwenye kiungo hakuna anayeumia, maana hakuna anayeandika. Sisi wengi tunategemea mtu amwambie mtu. Kwa anayetegemea hivyo, herufi inayopungua au kuzidi ni shimo kwenye gunia, na huwezi kujua kimevuja kiasi gani kwa sababu waliopotea hawapigi simu kukuambia.

Basi lipimeni jina kwa masikio ya wengine. Mpigie mtu ambaye hajui unachofanya, simu iwe na kelele kidogo, mtajie jina mara moja katikati ya mazungumzo mengine. Subiri siku mbili, kisha muulize: lile jina nililokutajia ni lipi? Akilikumbuka, mwambie aliandike kwenye simu yake mbele yako. Angalia kama simu yenyewe inalisahihisha kuwa neno jingine, maana simu za siku hizi hazimwachii mtu aandike anachotaka. Halafu mpe mtu mwingine jina lililoandikwa, bila kumtamkia, usikilize atakavyolisoma. Njia zote mbili, kutoka sikioni kwenda kidoleni na kutoka machoni kwenda mdomoni. Phambo ilianguka kote kuwili, na ningeligundua hilo kwa simu mbili tu.

Liandike pia kwa herufi ndogo, bila nafasi, kama litakavyokaa kwenye anwani. Kuna tovuti ya wataalamu wa kompyuta iitwayo Experts Exchange. Maneno hayo mawili yalipoungana kwenye anwani yao ya kwanza, yalisomeka kwa Kiingereza kama tangazo la upasuaji wa kubadili jinsia. Baadaye wakatia kistari katikati. Kwa Kiswahili tatizo letu kubwa ni irabu zinazokutana. Ukiita biashara Duka Angavu, kwenye anwani zinakuwa A mbili mfululizo, na nusu ya watu wataandika moja. Kistari nacho hakuna anayekitamka. Tarakimu ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa kuwa mteja hajui kama aandike 2 au aandike "mbili", na sifuri ikikaa karibu na herufi O hata wewe mwenyewe utababaika.

Na mkia wa anwani, hiyo .com au vinginevyo, msiuchukulie kama pambo tu. Mwaka 2011 kampuni ya Marekani ya Overstock ilijaribu kujiita O.co. Ilikuwa fupi kuliko chochote unachoweza kufikiria, na walikuwa na fedha za kuitangaza. Watu wakaendelea kuandika o.com, kwa sababu vidole vyao vilishazoea, na kampuni ikarudi kwenye jina lake la zamani. Kama wao hawakuweza kuvibadilisha vidole vya watu, sisi tutavibadilisha kwa bajeti ipi?

Sasa niingie kwenye jambo ambalo linanisikitisha kila ninapokaa na wanaoanza. Mtu ananionyesha cheti cha usajili wa biashara, amekitia kwenye fremu, ananiambia, "Jina hili ni langu." Namwuliza kuhusu alama ya biashara, anakionyesha tena kile cheti. Namwuliza kikoa kimeandikishwa kwa jina la nani, hajui.

Cheti cha usajili wa biashara ni ruhusa ya kufanya biashara kwa jina hilo. Kikoa ni kitu kingine kabisa, na kwa kweli humiliki kikoa, unakikodi, na kwa .com huwezi kulipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asitumie jina linalofanana na lako, na haki hiyo ina mipaka miwili: nchi ulikoisajili, na aina ya bidhaa au huduma ulizoandikisha. Akaunti za mitandao ya kijamii ni mlango wa nne, na huo ni wa aliyewahi. Ofisi hizi hazisubiriani wala haziulizani. Unaweza kupita mlango mmoja vizuri kabisa na ukakuta mwingine umefungwa na mtu aliyetangulia miaka kumi.

Hizo aina za bidhaa na huduma zimepangwa kimataifa katika madaraja 45, kwa mpango uitwao Nice: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Ndiyo sababu Marekani kuna shirika la ndege la Delta na kuna mabomba ya maji ya Delta, na hakuna anayemshtaki mwenzake. Msafiri hawezi kuchanganya ndege na bomba. Lakini biashara za mtandaoni zina tabia ya kukua kwenda pembeni, na hapo mtego unafyatuka. Apple ya kompyuta na Apple Corps, kampuni ya bendi ya The Beatles, zilipatana mwaka 1981 kwamba ile ya kompyuta ilipe dola 80,000 na isiingie kwenye muziki. Wakati ule nani angefikiria kompyuta na muziki vitakutana? Mwaka 2003 Apple wakafungua duka la muziki mtandaoni, wakarudi mahakamani, na jambo likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2007. Kwa hiyo unapochagua daraja, fikiria pia utakachouza miaka mitano ijayo.

Unapotafuta kama jina limechukuliwa, usitafute herufi zile zile tu. Sheria za alama za biashara katika nchi nyingi zinaangalia kama mteja anaweza kuchanganyikiwa, kwa sauti, kwa sura au kwa maana. Mimi na H yangu nilidhani nimepata jina jipya. Kwa sikio la hakimu, Phambo na Pambo ni kitu kimoja. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia hakimiliki, WIPO, lina hifadhidata ya alama za biashara ambayo mtu yeyote anaitafuta bure. Kaa nayo jioni nzima. Jaribu tahajia zote unazoweza kuzibuni, zile mbovu hasa, kwa sababu hizo ndizo wateja wako watakazoandika. Halafu, ukiwa na majina mawili au matatu yaliyobaki, mlipe wakili akuangalizie kwa undani. Najua fedha ni ngumu mwanzoni, lakini hapa msibane. Microsoft yenyewe, pamoja na mawakili wote ilio nao, iliita huduma yake ya kuhifadhi mafaili SkyDrive, kampuni ya televisheni ya Uingereza yenye jina la Sky ikawashinda mahakamani mwaka 2013, na mwaka uliofuata huduma ikaitwa OneDrive. Wao walikuwa na uwezo wa kubadilisha. Biashara yenye watu watatu ikipata barua ya namna hiyo mwezi wa nane tangu ifunguliwe, mara nyingi haisimami tena.

Na msijifariji kwamba "nimewahi kulipia kikoa." Tangu mwaka 1999 kuna utaratibu wa usuluhishi, UDRP, ambao mwenye alama ya biashara anaweza kuutumia kunyang'anya kikoa. Lazima athibitishe mambo matatu: kwamba kikoa kinafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, kwamba aliyekiandikisha hana haki wala sababu halali ya kukitumia, na kwamba alikiandikisha na kukitumia kwa nia mbaya. Kama umefanya biashara yako kwa uaminifu una pa kujitetea, lakini kujitetea nako ni gharama na usiku usio na usingizi.

Niseme la kikoa chenyewe, kwa kuwa hili nalo limenipitia. Aliyetutengenezea tovuti alikuwa kijana mwema, mchapakazi. Alituandikishia kikoa kwa jina lake na barua pepe yake, kwa sababu ilikuwa haraka na sisi hatukuuliza. Baadaye akabadilisha kazi, akabadilisha na barua pepe. Taarifa za kukumbusha malipo zikawa zinakwenda kwenye sanduku ambalo halifunguliwi na mtu. Asubuhi moja nikafungua tovuti yetu nikakuta ukurasa mweupe wenye matangazo ya watu nisiowajua. Barua pepe zetu zote zilikufa pamoja nayo, maana zilikuwa juu ya kikoa hicho hicho. Wateja waliokuwa wameshalipia wakawa hawana pa kutuuliza.

Ndipo nikajifunza ratiba ambayo ningepaswa kuijua mapema. Kikoa cha .com muda wake ukiisha, msajili, yaani kampuni unayoilipa kukiandikisha, anaweza kukishikilia hadi siku 45. Baada ya hapo kuna siku 30 za kukikomboa, kwa ada kubwa zaidi. Zinafuata siku 5 ambazo hakuna anayeweza kufanya lolote, kisha kinaachwa huru, na kuna watu kazi yao ni kuvidaka vikoa vya namna hiyo dakika vinapoachiwa. Sisi tulikuwa ndani ya zile 30. Tulikipata tena kwa stakabadhi, barua, na huruma ya yule kijana ambaye tulimtafuta hadi tukampata.

Nawasihi, leo mkirudi nyumbani, ingieni kwenye akaunti ya msajili mwangalie jina lililoandikwa kama mmiliki. Kama si lako au la kampuni yako, anza kazi ya kulibadilisha kesho asubuhi, mkiwa bado mnaelewana na huyo aliyeandikwa. Washa malipo ya kujirudia yenyewe. Na barua pepe ya kupokea taarifa za kikoa isiwe juu ya kikoa hicho hicho, kwa sababu kikizimika na taarifa zake zinazimika.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: jina lieleze tunachouza, au liwe neno lisilo na maana? Nitawapa msimamo wangu. Jina linaloeleza ni tamu mwanzoni. Mteja haulizi, anajua. Lakini lina kasoro mbili zinazokua kadiri unavyokua. Ya kwanza ni kwamba maneno ya kawaida ni ya watu wote, na ofisi za alama za biashara hazipendi kumkabidhi mtu mmoja. Booking.com, tovuti ya kuweka nafasi za hoteli, walikataliwa usajili Marekani wakapigana hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2020 majaji wanane kati ya tisa wakakubaliana nao, kwa kuwa walionyesha kwamba watu wanalitambua kama jina la kampuni. Walishinda, lakini walikuwa tayari wakubwa wa kutosha kuonyesha hilo. Mwenye biashara ya miezi sita ataonyesha nini? Kasoro ya pili ni kwamba ukijiita kwa neno la kawaida, mtu akikutafuta mtandaoni utafichwa na kila ukurasa wenye neno hilo.

Tena jina linaloeleza linakufungia chumbani. Pierre Omidyar alifungua AuctionWeb mwaka 1995, jina linalosema mnada na tovuti basi. Shughuli zake nyingine aliziita Echo Bay. Anwani ya echobay.com ilikuwa ya kampuni ya madini, akafupisha ikawa eBay, na mwaka 1997 mnada wenyewe ukachukua jina hilo. Airbnb ilianza mwaka 2008 ikiitwa AirBed & Breakfast, godoro la kujaza upepo na kifungua kinywa, kwa sababu hicho ndicho walichokuwa wanakodisha. Mwaka uliofuata watu walikuwa wanakodisha vyumba na nyumba nzima, na godoro likawa linawazuia. Amazon ilianza kwa kuuza vitabu, na jina lake halikutaja kitabu, kwa hiyo siku ilipotaka kuuza vingine hakukuwa na cha kubomoa.

Mimi napendelea jina linalodokeza. Lisieleze bidhaa yenyewe. Liguse hisia au matokeo yake, kisha kaulimbiu fupi chini yake iseme wazi unachouza. Kaulimbiu unaweza kuibadilisha kila mwaka bila kuumiza mtu.

Kuhusu nembo na rangi sitakaa sana, kwa sababu huko ndiko tunakopenda kukaa sana. Nimeona watu wametumia mtaji wa miezi mitatu kwa nembo, na bidhaa bado haijapigwa picha inayoeleweka. Ile alama ya Nike inayojulikana dunia nzima ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi, Carolyn Davidson, kwa dola 35. Thamani iliyo nayo leo imetokana na miaka mingi ya viatu. Nembo yako ipunguze iwe ndogo kama ile alama inayokaa juu kwenye kichupo cha kivinjari, ambayo kiasili ni nukta 16 kwa 16. Kama inageuka doa, irahisishe. Ichapishe kwa rangi moja tu, nyeusi, uone kama inabaki yenyewe. Na maandishi yako yasomeke: kanuni za kimataifa za tovuti zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu laini juu ya nyeupe kinapendeza kwa mbunifu mwenye macho ya miaka ishirini, lakini mteja aliyesimama juani na simu yake haoni kitu.

La akaunti za kijamii nalisema kwa mfano mmoja. Septemba 2011 Netflix walitangaza kwamba huduma yao ya kutuma DVD kwa posta itaitwa Qwikster. Jina hilo kwenye Twitter lilikuwa tayari la mtu binafsi asiyehusika nao, na watu wakamgundua siku hiyo hiyo. Mwezi haukuisha, mpango wote ukafutwa. Sababu zilikuwa nyingi na wateja walikuwa na hasira kwa mambo mengine, lakini hebu fikirieni tangazo la kampuni kubwa likitoka kabla mtu hajaangalia jambo ambalo mtoto wa shule angeliangalia kwa sekunde kumi. Chukueni akaunti zote kwa tahajia moja, hata zile ambazo hamtazitumia mwaka huu.

Wapo humu waliokwama upande mwingine. Wana bidhaa, wana wateja wanaowasubiri, na wameshikilia orodha ya majina miezi saba. Nawaelewa, kwa sababu kumpa kitu jina ni kukiri kwamba kipo na kwamba kinaweza kushindwa. Wahenga wametuambia jina jema hung'ara gizani. Walikuwa wanaongelea matendo ya mtu, na kwa biashara ni vilevile. Larry Page na Sergey Brin waliita mtambo wao wa kutafuta BackRub, yaani kusugua mgongo. Septemba 1997 wakaandikisha Google, kutokana na googol, neno la wanahisabati kwa 1 yenye sifuri 100 nyuma yake, na hata tahajia hawakuifuata. Leo ni kitenzi. Neno lenyewe halikuwa na chochote cha pekee zaidi ya kutamkika na kuandikika. Lililobaki lilijazwa na kazi. Jina likishapita mtihani wa sikio na mtihani wa umiliki, linatosha. Fungueni.

Na kama umeshafungua, na jina ni bovu kama lilivyokuwa langu, badilisha mapema. Sisi tulibadilisha baada ya miaka miwili, na ningetamani ingekuwa miezi miwili. Jina tulilo nalo sasa sitalitaja, sikuja kutangaza duka. Nitasema tu kwamba kabla ya kulilipia nilimpigia mama yangu mkubwa, ambaye hajawahi kununua kitu mtandaoni, nikamtajia mara moja, na wiki iliyofuata yeye ndiye aliyelitaja kabla yangu. Tulielekeza kila ukurasa wa zamani kwenye ukurasa wake mpya, kwa uelekezaji wa kudumu, ule mafundi wanaouita 301. Google wanashauri uachwe angalau mwaka mzima, mimi nashauri usiuondoe kabisa. Tuliwaandikia wateja wote kwa lugha ya kawaida, tukawaambia kwa nini tumebadilisha. Kikoa cha Phambo bado nakilipia kila mwaka, kwa sababu bado wapo watu wawili watatu wanaokuja kwa njia hiyo, na sitaki barua ya mtu mwingine yenye kipimo cha kidole iangukie mikononi mwa mgeni.

Karatasi zenu bado mnazo? Zigeuzeni upande wa pili. Kila mtu amgeukie jirani ambaye hakuja naye, amtajie jina la biashara yake mara moja, bila kueleza herufi, na jirani aliandike. Msisaidiane. Nawapa dakika tano, na mimi nitapita katikati yenu kuangalia.